Bodi ya Gari la Umeme Haina Shoti

Swali limerudi tena, safari hii kutoka kwa mtu mwenye shahada yake: "Gari la umeme likigongwa, nikilishika si nitapigwa shoti?" Nimelijibu kwenye semina za madereva, nimelijibu gereji, nimelijibu hata msibani. Leo nalijibu kwa maandishi, anayetaka kuniuliza tena asome kwanza.

Hapana. Kushika bodi, kitasa au mlango wa gari la umeme lililogongwa hakukupigi shoti. Ningeliacha swali hili lipite kama lisingekuwa na madhara. Lakini majeruhi amebanwa ndani anavuja damu, na waliolizunguka gari wanaambizana, "Usiguse, lina umeme hilo!" Dakika zinazopotea hapo ni za uhai wake.

Hofu hii chimbuko lake ni umeme wa nyumbani. Umeme wa TANESCO au wa Kenya Power unakupiga ukigusa waya mmoja tu, kwa sababu waya wa pili wa mfumo huo umeunganishwa na ardhi kule kwenye transfoma. Ukisimama pekupeku na kugusa waya wenye moto, umeme unaingia mkononi, unatokea miguuni, unapita ardhini na kurudi ulikotoka. Somo hilo ni sahihi kabisa kwa nyumba. Watu wamelibeba zimazima wakalibandika kwenye gari, na huko halifanyi kazi.

Betri kubwa ya gari haikuunganishwa na ardhi wala na bodi. Chanya ina waya wake na hasi ina waya wake, zote mbili zimevikwa ganda nene la rangi ya chungwa, na hakuna hata mmoja kati ya nyaya hizo unaogusa chuma cha gari. Kinachotumia bodi kama njia ya kurudishia umeme ni ile betri ndogo ya volti 12, ndugu yake aliyemo kwenye Vitz yako, ambaye hujawahi kumwogopa hata siku moja. Ili volti 400 za betri kubwa zikupige ni lazima mwili wako uziunganishe pande zote mbili, chanya na hasi, kwa wakati mmoja. Kwa kushika kitasa huwezi. Tena kompyuta ya gari inapima kama kuna umeme unaovuja kutoka kwenye nyaya hizo kwenda kwenye bodi, na uvujaji ukianza inamwonya dereva kwenye dashibodi.

Halafu kuna kontakta. Hizi ni swichi nzito zilizomo ndani ya sanduku la betri, na zinashikana kwa nguvu ya umeme wa ile betri ndogo. Umeme huo ukikatika, springi inaziachanisha. Gari likigongwa kwa kishindo cha kufumua mifuko ya hewa, kompyuta inazikata yenyewe. Watengenezaji hawafanyi hivi kwa hisani. Kanuni ya Marekani namba 305, na zile za Umoja wa Mataifa, namba 94 ya kugongwa mbele na namba 95 ya kugongwa ubavuni, zinataka gari la majaribio likishagongeshwa lipimwe: nyaya za betri kubwa ziwe zimeshuka chini ya volti 60, au zithibitike bado zimetengwa na bodi.

Na ninyi mnaoogopa, wengi wenu mnaendesha haibridi. Prius ina betri ya volti zaidi ya 200 nyuma ya kiti cha abiria. Mbona watoto mnawakalisha hapo?

Gari ambalo kweli litakuua ukiligusa ni lile lililogonga nguzo, waya wa volti 11,000 ukalala juu ya paa. Hilo linaweza kuwa la dizeli, la petroli au hata mkokoteni wa chuma. Hapo kaa mbali, aliye ndani abaki ndani, mpaka shirika la umeme likate laini.

Ukitaka cha kuogopa, ogopa moto unaochelewa. Mei 2011 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, iligongesha ubavu wa Chevrolet Volt kwenye nguzo katika jaribio. Gari likaegeshwa uani huko Wisconsin, na wiki tatu baadaye likawaka lenyewe, likaunguza na magari ya jirani. Machi 2018 Tesla Model X iligonga kizuizi cha barabara kuu Mountain View, California. Moto ukazimwa palepale, na siku tano baadaye betri ikawaka tena ikiwa yadi. Kontakta zinalitenga gari na betri, haziondoi chaji iliyomo kwenye seli. Seli iliyobonyea inaweza kupata joto taratibu, ikalipasha na jirani yake. Mchanga unaokimbilia kuumwaga, pamoja na ule mtungi mdogo wa unga ulio chini ya kiti, havipoozi betri. Kinachoipooza ni maji mengi, kwa muda mrefu, na hiyo ni kazi ya zimamoto.

Sasa la kufanya. Zima gari kwa kitufe, weka P, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu kwa jiwe: gari kimya si gari lililozimwa. Kama lilikuwa linachajiwa, kata umeme kwenye swichi kuu kwanza. Mtoe majeruhi kama ambavyo ungemtoa kwenye gari lolote. Usiguse waya wa rangi ya chungwa wala usiruhusu mtu aukate. Ukisikia mlio wa mvuke au mipasuko chini ya sakafu, au ukaona moshi, wapeleke watu upande upepo unakotoka, maana moshi huo una sumu. Tanzania piga 114, Kenya 999, na useme wazi kwamba ni gari la umeme. Libebwe likiwa limeinuliwa magurudumu yote manne, kwa sababu gurudumu linalozungushwa linazungusha mota, na mota inazalisha umeme. Fundi wa bodi asichomelee chochote wala asiliingize kwenye tanuri la kukaushia rangi kabla betri haijakaguliwa na mtu mwenye vipimo vyake.

Na kwa maofisa wa vituo vya polisi, ambako mabaki ya ajali hurundikwa bampa kwa bampa: gari la umeme lililogongwa liegesheni nje, mita 15 kutoka kwenye jengo na kutoka kwenye gari lingine lolote, na lisisogezwe ndani hata kama limekaa siku kadhaa bila kutoa moshi.