Je, Wajua? Kwa Nini Manifoldi ya Turbo Hupasuka Tena na Tena

Manifoldi ya ekzosi yenye urefu wa sentimita 40 hurefuka kwa takriban milimita 3 ikipanda joto kwa nyuzi 700 za Selsiasi. Chuma kikikosa nafasi ya kutanuka, hupasuka. Ukifunga manifoldi mpya bila kutafuta chanzo, nayo itapasuka. Kagua haya:

- Bolti zimekazwa kupita kiasi?
- Uso wa silinda hedi umepinda? Upime kwa rula ya chuma.
- Kishikizo kinachobeba uzito wa turbo kimeondolewa?
- Petroli ni kidogo mno kwenye mchanganyiko, au cheche inachelewa? Yote mawili huzidisha joto la moshi.

Dalili ya ufa: masizi meusi, na mlio wa tik-tik unaofifia injini ikipata moto.