Pampu ya Maji Ikikataa Kuwaka

Nyanya zinanyauka. Maji yamo mtoni, lakini injini ya pampu haiwaki. Umevuta kamba mpaka bega linauma. Basi, acha kuvuta.

Injini ndogo ya petroli inahitaji petroli, hewa na cheche. Tafuta kilichokosekana.

Swichi imewashwa? Koki ya petroli imefunguliwa? Oili inatosha? Injini nyingi za siku hizi hukata cheche zenyewe oili ikipungua. Petroli nayo, ni ya lini? Ikikaa miezi mingi huharibika na kuacha gundi ndani ya kabureta. Itoe, tia mpya.

Wengine hukimbilia kufungua kabureta. Wanakosea. Vipande vyake ni vidogo, hupotea mchangani. Fungua plagi kwanza, uitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Hapo ndipo usafishe chujio la petroli, kisha kabureta. Ikiwa imelowa, petroli imezidi au cheche hakuna. Ifute, iache ikauke. Ikiwa na masizi, isugue kwa brashi, kisha kung'uta chujio la hewa. Mara nyingi limejaa vumbi.

Sasa pima cheche. Hapa uwe mwangalifu, petroli hulipuka. Funga koki, futa petroli iliyomwagika, peleka dumu mbali. Rudisha waya kwenye plagi. Ishike kwa koleo lenye mpini wa mpira, chuma chake kiguse chuma cha injini, mbali na tundu ilimotoka. Mwenzako avute kamba. Usipoona cheche, jaribu plagi mpya kabla ya kumbebea fundi injini nzima.