Mapitio Simulizi ya Machapisho katika Utafiti wa Uuguzi: Mfano wa VVU Nyanda za Juu Kusini

Igawa, wilayani Mbarali, iko kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, ambako malori ya Zambia na Kongo hupita usiku na mchana. Muuguzi wa kliniki ya tiba na matunzo katika mji wa namna hiyo hukutana na jambo linalomsumbua: mteja huchukua dawa za kufubaza VVU kwa miezi kadhaa, kisha haonekani tena. Je, amehamia kituo kingine, ameacha dawa, au amefariki? Kabla ya kukusanya takwimu mpya, inampasa muuguzi ajue watafiti waliotangulia wamekwisha kubaini nini. Kazi hiyo ndiyo mapitio ya machapisho.

Mapitio ya kimfumo hufaa kwa swali jembamba. Swali la iwapo tohara ya kitabibu humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa lilijibiwa na majaribio matatu ya Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, na majaribio ya aina moja huweza kupimwa kwa mizani moja. Sababu za watu walio safarini kukatiza matibabu hazipimiki hivyo. Majibu yake yametawanyika katika tafiti za mahojiano, ripoti za wizara na takwimu za kaya. Hapo ndipo mapitio simulizi yanapohitajika, kwa kuwa huunganisha ushahidi wa namna mbalimbali katika hoja moja.

Hata hivyo, jina hilo limewadanganya wengi wakadhani ni ruhusa ya kuokota machapisho yanayokubaliana na maoni yao. Mwaka 2019 ilichapishwa mizani iitwayo SANRA, yenye vipengele sita, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 2: umuhimu wa mada, lengo, maelezo ya utafutaji, marejeo, hoja za kisayansi na uwasilishaji wa takwimu. Kipengele cha tatu ndicho husahauliwa kwa urahisi. Mwandishi ataje hifadhidata alizotafuta, kama PubMed, ambayo ni ya bure, au HINARI, iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya taasisi za nchi zenye kipato kidogo. Ataje pia maneno aliyotumia, tarehe, na sababu za kuacha baadhi ya machapisho.

Usomaji wenyewe una mitego, na Nyanda za Juu Kusini zina mmoja mkubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2007–08 uliripoti maambukizi ya asilimia 15.7 mkoani Iringa. Ule wa 2011–12 uliripoti asilimia 9.1. Msomaji mwenye haraka ataandika kwamba maambukizi yalishuka mno. Lakini katikati ya tafiti hizo Njombe ilitengwa na Iringa kuwa mkoa unaojitegemea, nao ukaripotiwa peke yake kwa asilimia 14.8. Sehemu ya upungufu huo, basi, ni mpaka uliosogezwa. Utafiti wa 2016–17 uliipa Iringa asilimia 11.3, ila ulihesabu watu wa miaka 15 na kuendelea, ilhali zile za awali zilihesabu wa miaka 15 hadi 49. Kuzipanga namba hizo tatu katika mstari mmoja bila maelezo ni kosa, hata kama kila moja ni sahihi.

Wakati nao una uzito wake. Utafiti wa wahudumu wa baa mkoani Mbeya ulianza mwaka 2000, kabla ya mpango wa taifa wa tiba na matunzo wa 2004. Una mengi ya kufundisha kuhusu maambukizi kando ya barabara, lakini hauwezi kueleza kwa nini mtu huacha dawa ambazo wakati huo hazikuwapo kliniki. Vivyo hivyo, tafiti za kabla ya 2016 zinahusu wagonjwa waliosubiri kinga kushuka ndipo waanze dawa. Leo mtu huanza mara akigundulika, pengine akiwa hajisikii mgonjwa hata kidogo.

Mapitio ya uangalifu hubadilisha hata swali la mwanzo. Tafiti za kuwafuatilia waliotoweka, katika nchi kadhaa za Afrika, zimeonyesha kuwa baadhi yao walikuwa wakiendelea na dawa katika kituo kingine walikojihamishia kimya. Kwa mteja wa Igawa anayesafiri, barua ya uhamisho na kadi ya kliniki humwezesha muuguzi wa huko aendako kuendeleza tiba ileile, na huku nyuma jina lake halihesabiwi miongoni mwa walioacha.