Tetemeko likipiga, mtikisiko huishia wapi ndani ya nyumba?

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ilitikisika mkoani Kagera. Tetemeko hilo lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kujengwa upya. Wengi wa waliokufa waliangukiwa na majengo. Kwa hiyo anayejenga leo Izimbya, au kwingineko Bukoba na Muleba, ana sababu ya kuuliza: mtikisiko ukishaingia ndani ya nyumba, unaishia wapi?

Lazima uishie mahali. Mtikisiko ni nishati, na nishati haipotei bali hugeuka. Bana rula ya chuma ukingoni mwa meza, ivute kisha iachie: italia na kucheza kwa muda. Sasa chukua vipande viwili vya mbao nyembamba, weka kati yake ukanda wa tyubu ya baiskeli na uvigundishe pamoja. Ukiuvuta na kuuachia, mchezo unakwisha upesi.

Sababu iko kwenye tabaka. Kitu kinapopinda, upande mmoja hurefuka na mwingine hufupika, hivyo tabaka zilizopangwa pamoja hutaka kuteleza moja juu ya nyingine. Mpira ulioko katikati unavutwa huku na huku, na mtikisiko unageuka kuwa joto kidogo. Mwaka 1959 Mmarekani Edward Kerwin alichapisha hesabu za jambo hili, na leo njia hiyo hutumika kutuliza mabati ya ndege na magari.

Ila kuna bei. Mbao mbili zenye unene sawa zikiwekwa tu moja juu ya nyingine, ugumu wake wa kupinda ni robo tu ya ule wa mbao hizohizo zikigundishwa barabara. Zikiachwa huru kabisa, boriti inalegea. Zikishikamana kabisa, msuguano unaotuliza mtikisiko unapungua. Ufundi uko katikati.

Wahaya waliojenga mushonge hawakuwa na hesabu za Kerwin, lakini walikuwa na miti, fito, matete na kamba, vikafungwa tabaka kwa tabaka na kuezekwa nyasi hadi chini. Nyumba kama hiyo ikiyumba, kila fundo linasuguana kidogo na jirani yake. Zaidi ya hapo, ni nyepesi, na kitu chepesi hakisukumwi na tetemeko kwa nguvu kubwa.

Ukuta wa tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo nao humeza mtikisiko, tena sana. Tatizo ni namna unavyoumeza: kwa kupasuka. Kila ufa ni nishati iliyotumika, lakini ufa haujifungi wenyewe, na mitetemo midogo inayofuata hukuta ukuta umeshachoka.

Hakuna anayemwambia mtu arudi kwenye nyasi, zenye moto na mchwa. Wala usimwombe fundi aweke mipira kati ya tofali. Kinachofaa kuchukuliwa kutoka kwenye mushonge ni kufungana: mkanda wa zege wenye nondo juu ya milango na madirisha, uzunguke nyumba yote bila kukatika, na paa lifungwe kwenye kuta. Nondo hupinda kabla ya kukatika, na katika kupinda huko hula nguvu ambayo ingeangusha tofali.

Sehemu ya kukagua ni kona. Mara nyingi linta huwekwa juu ya mlango tu na kuishia hapo, au nondo za kuta mbili hukutana konani bila kushikana. Mwambie fundi azikunje zipite kona na zilaliane na nondo za ukuta wa pili, na uzione kwa macho yako kabla zege halijamwagwa.