Mikono na Udongo: Mfinyanzi wa Kenya Aeleza Asili ya Kazi Yake

Msafiri atokaye Malaba na Busia akishuka kuelekea ziwani hufika mwisho wa safari yake Port Victoria, katika nchi ya Bunyala, karibu na mahali mto Nzoia umwagapo maji yake. Mto huo huleta matope kutoka mbali, na watu wa huko wanaujua udongo kwa heri na kwa shari, maana mwaka 2020 mafuriko yaliwahamisha wengi katika nyumba zao. Lakini udongo huo huo ndio uliowapa watu wa magharibi ya Kenya vyombo vyao tangu zamani: chungu cha kupikia samaki, mtungi wa maji, na kile chungu kikubwa cha pombe ya wimbi ambacho wazee wa Kiteso hukiweka katikati na kukizunguka wakiwa na mirija mirefu.

Siku hizi sufuria na madumu ya plastiki yamechukua nafasi ya vyombo hivyo katika nyumba nyingi, na vijana waliokwenda shule huona ufinyanzi kuwa kazi ya bibi zao. Basi yafaa wasikie habari za Bibi Magdalene Odundo.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akajifunza uchoraji wa matangazo ya biashara, na mwaka 1971 akaenda Uingereza kuendelea na masomo hayo. Huko ndiko alikougeukia udongo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba, baada ya kuanza elimu hiyo Ulaya, alirudi Afrika kutafuta walimu. Katika miaka ya 1974 na 1975 alifika Abuja, Nijeria, katika kituo cha ufinyanzi alikofanya kazi fundi mashuhuri Ladi Kwali. Wanawake wa kabila la Kigwari hawakutumia gurudumu. Chungu kilitulia mahali pake, na mfinyanzi ndiye aliyekizunguka. Kisha akaja Kenya kutazama namna wanawake wa kwetu wafinyangavyo. Baadaye alisoma katika Royal College of Art, London, akamaliza mwaka 1982.

Akiulizwa mawazo yake hutoka wapi, Bibi Odundo hutaja mwili wa binadamu. Kwake chombo ni kama mtu, nacho kina tumbo, shingo na mdomo. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, kwani lugha yetu imekipa chungu viungo hivyo siku zote, ila wengi tumevitaja pasipo kuvitazama. Vyombo vyake vingine vimeinama kidogo kama mtu asikilizaye, vingine vina tumbo la mama mjamzito.

Kazi yenyewe haina haraka. Huanza na donge la udongo, hulitoboa katikati na kuvuta kingo zake juu, kisha huongeza udongo ulioviringishwa kama kamba nene, pindi juu ya pindi. Kwa kipande cha kibuyu hukwangua ukuta wa chombo mpaka uwe mwembamba. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na hapo kila mfinyanzi hujua maana yake, kwa sababu udongo ukikauka mno haukubali tena kupindwa, na ukilowa mno huanguka. Chombo kikiwa karibu kukauka hukisugua kwa kokoto laini, hukipaka maji ya udongo uliochujwa sana, na kukisugua tena. Mng'ao wake watoka kwa mkono tu, hapana rangi ya dukani.

Kisha huja moto. Katika tanuri lenye hewa ya kutosha chombo hutoka chekundu kama machungwa. Kikichomwa mara ya pili pamoja na vipande vya mbao, hewa ikazuiwa, moshi hukigeuza kuwa cheusi. Kazi ya miezi yaweza kupasuka kwa usiku mmoja, na hata fundi mkuu hawezi kuuamuru moto.

Bibi Odundo si wa kwanza. Bwana Gregory Maloba, aliyezaliwa magharibi ya Kenya mwaka 1922, aliamshwa akiwa mtoto na sanamu za watakatifu alizoziona kanisani, akaanza kufinyanga watu kwa udongo. Alipata elimu Makerere kwa Bibi Margaret Trowell, akafundisha huko, na sanamu yake ya mama amwinuaye mtoto, iliyowekwa kwa uhuru wa Uganda mwaka 1962, ingali imesimama Kampala.

Vyombo vya Bibi Odundo vimo katika British Museum, na mwaka 2020 Malkia wa Uingereza alimpa heshima ya kuitwa Dame. Lakini kuna swali ambalo heshima hizo haziliondoi. Mwanamke aliyefinyanga mtungi ukauzwa sokoni hakuandika jina lake juu yake, wala hakuna aliyemwuliza mawazo yake yalitoka wapi. Mwaka 2019, alipoonyesha vyombo vyake zaidi ya 50 katika jumba la Hepworth Wakefield, Bibi Odundo alichagua pia kazi za wengine zikae pamoja na zake. Palikuwa na sanamu za Rodin, ambaye jina lake lajulikana duniani kote, na palikuwa na vyungu vya Afrika ambavyo wafinyanzi wake hawajulikani.