Theanini, Asidi Amino Inayotoka Kwenye Mizizi ya Chai

Mkulima anayepeleka chai katika kiwanda cha Itumbe, Kisii, anaijua sheria: majani mawili na chipukizi. Majani yaliyokomaa hukataliwa kituoni. Sheria hiyo ina msingi wa kikemia, na sehemu yake ni asidi amino iitwayo theanini.

Asidi amino 20 zinazojulikana zaidi hujenga protini. Theanini haimo kati ya hizo. Hukaa huru ndani ya mmea, na nje ya mchai na jamaa zake ni nadra sana. Iligunduliwa Japani mwaka 1949, kisha ikatengwa kutoka chai ya gyokuro.

Kazi huanzia mizizini. Mizizi hufyonza naitrojeni ya udongo na mbolea, huitumia kutengeneza asidi glutamiki, kisha huiunganisha na ethilamini. Theanini inayopatikana hupanda na maji hadi kwenye machipukizi. Huko juu, mwanga wa jua huivunja, na sehemu yake hutumika kuunda katekini zenye ukakasi. Ndiyo maana Wajapani huifunika michai ya gyokuro kwa wiki kadhaa kabla ya kuchuma, ili theanini, yenye ladha nzito ya supu, ibaki. Jani likikomaa, theanini hupungua.

Mwilini, theanini hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba na kufika ubongoni. Umbo lake linakaribiana na la glutamati, kemikali inayosisimua neva. Watu waliopewa miligramu 200 katika majaribio walionyesha mawimbi zaidi ya alfa, yale ya mtu aliyetulia bila kusinzia. Kikombe kimoja cha chai kina kiasi kidogo sana kuliko hicho, kwa hiyo tusiuziwe chai kama dawa ya wasiwasi.

Kiwandani, majani yanaponyaushwa, protini huvunjika na asidi amino huru huongezeka. Yakishasagwa na kupata hewa, baadhi ya asidi hizo hugeuka harufu: fenilalanini, kwa mfano, hutoa harufu ya maua. Lakini mashine haiwezi kulirudishia ulaini jani lililochelewa kuchumwa. Ubora huamuliwa shambani, na mkulima anayetunza udongo na kuchuma kwa wakati anastahili malipo yanayolingana na kazi hiyo.