Programu za Chanzo Huria: Kichocheo au Kikwazo cha Ubunifu?

Makala hii inafafanua iwapo programu za chanzo huria, yaani zile ambazo msimbo wake huweza kusomwa, kurekebishwa na kusambazwa na yeyote, huchochea au hukwamisha ubunifu. Wanaozipinga hudai kuwa mbunifu asiyelindwa na hakimiliki hukosa motisha ya kubuni. Mfano wa Ushahidi unadhoofisha dai hilo. Jukwaa hilo lilibuniwa nchini Kenya mwaka 2008 ili kuonesha kwenye ramani taarifa za vurugu zilizofuata uchaguzi. Msimbo wake uliwekwa wazi, na mwaka 2010 lilitumika nchini Haiti kubainisha mahitaji ya waathirika wa tetemeko la ardhi.

Hata hivyo, uwazi pekee hautoshi. Mwaka 2014 ilifichuliwa kasoro ya Heartbleed katika OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya intaneti. Kasoro hiyo ilikuwa imedumu takribani miaka miwili bila kutangazwa, huku programu ikitunzwa na watu wachache wenye fedha kidogo, ilhali kampuni nyingi ziliitegemea. Kwa hiyo, uwazi huwezesha ubunifu kuanza. Kudumu kwake hutegemea nani anagharimia matunzo ya msimbo.